Picha Kumi na Mbili za Tata Kabemba

Batata na bamama, mi ni Kabongo René, mudogo wa marehemu, jamaa ilinituma nisome maisha yake, basi munisikilize mupaka mwisho, hata kama itauma.

Kabemba Ezéchiel alizaliwa ku Lubudi tarehe 14 mwezi wa tatu 1951, tata yetu akitumika ku njia ya treni, akasoma kulekule, kisha akajifunza kuchora ramani hapa Kolwezi, na tarehe 3 mwezi wa kumi 1972 akaingia mu biro ya michoro ya mugodi, akapewa nyumba hii ya Kapata ambamo tunamulilia.

Mwaka 1974 Muzungu mumoja alihama, akatupa picha ya kilima, picha ya miaka ya hamsini, iliyochapwa kwa kupitisha rangi mu kitambaa cha hariri, rangi moja leo, ingine kesho, na marehemu akaiokota, akaipenda, akatafuta picha zenzake za bilima bingine Likasi, Lubumbashi, mupaka Dilolo, miaka makumi tatu, hata akazipata zote kumi na mbili, kila moja na namba yake chini. Bilima bile leo ni mashimo, bengi wenu mulibichimba wenyewe, lakini mu salon yake bilikuwa bingali bizima.

Tarehe 6 mwezi wa munane 1977 alioa mama Mbelu Angèle, bakazaa batoto bane, na ni mama huyu alikuwa anapanguza picha zile kila siku ya posho, kila Jumamosi.

Hapa karatasi niliyopewa inasema, mwaka 2023 balitengana. Uongo! Picha namba saba ilipotea, jamaa ikasema mama Mbelu aliipeleka kwabo, marehemu akaamini, akamufukuza, tension, presha ya damu, ikamukamata, akakufa ku hospitali tarehe 9 mwezi wa pili 2025, akingali anaiuliza.

Ni mi niliiiba. Nilimupa chef mumoja, mukubwa wa mugodi, mupenzi wa bitu bya zamani, ili aniingize mu kazi, akaniingiza, nikanyamaza, nikikula ku meza ya yaya yangu, kaka yangu mukubwa. Haya inaniua.

Sasa mama Mbelu amesimama inje ya lupango, uzio wa nyumba hii, juani, kwa sababu tulimukataza kukaa ku mukeka karibu na sanduku, pahali pa mujane. Bandugu, mufungue mulango. Sanduku haitatoka mbele ya yeye kuingia, picha kumi na moja ni zake, na ile ya saba nitaenda kuiomba, hata nikipoteza kazi.

Badaktari, majirani, wenzake wa biro, aksanti sana kwa yote mulifanya.

Yaya, pumzika kwa amani, lakini ungoje kidogo, bibi yako Mbelu anaingia.