Mzee Nusu Mlango na Bamba Lililoziba Hewa

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, dereva mwenzetu tuliyezoea kumwita Mzee Nusu Mlango anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe, uwe mfupi na wa kuchangamsha. Ufupi nitajitahidi.

Alianza kama utingo, akapanda kuwa dereva, akakabidhiwa lile lori kuukuu la uso bapa ambalo sasa limepakwa rangi na kuegeshwa langoni ili wageni wapige nalo picha. Hao wapiga picha hawajawahi kulisafiria. Injini ya lori la aina hiyo imekaa ndani ya kabini, katikati ya dereva na utingo, chini ya mfuniko wa bati. Ukiweka chakula juu ya mfuniko huo asubuhi, mchana kinakuunguza ulimi. Waipa zake zinaendeshwa kwa mvuto wa hewa ya injini, hivyo mvua ikikukuta unapanda mlima zinalala, na ukianza kuteremka zinachapa kioo kama zimechokozwa. Mzee hupenda kusema kwamba aliyelibuni alikuwa amegombana na madereva.

Hata hivyo, mbunifu huyo alituachia huruma moja. Chini ya kioo cha mbele aliweka tundu la hewa lenye kifuniko, na kishikio chake kiko karibu na usukani. Ukikisukuma, upepo wa safari unaingia na kukupiga kifuani. Madirisha ya pembeni hayatoshi, kwa sababu yanashuka nusu tu na bomba la moshi limepita hapohapo ubavuni.

Kisha kampuni ikabadilisha nembo. Yakaletwa mabamba mapana ya chuma yenye jina letu, na aliyeamua yakae wapi aliyatazama malori kwa nje tu. Yakapigwa ribiti usoni mwa kila lori, juu kabisa ya tundu la hewa. Mzee alikwenda ofisini kofia mkononi, akaeleza. Akajibiwa kwamba jina la kampuni lazima lionekane. Akaomba bamba lishushwe kidogo tu, likae chini ya taa. Akaambiwa atajulishwa, na mpaka leo bado anasubiri kujulishwa.

Alichofanya ni kuuachia mlango kidogo na kuufunga hapohapo kwa kipande cha mpira wa tairi, ukabaki wazi kiasi cha ngumi kupita. Jina lake lilitoka hapo. Sote tukamwiga, na ukitukuta barabarani ungedhani kila dereva yuko tayari kuruka. Ofisi ikampa onyo kwa kuhatarisha usalama, na mipira yote ikakatwa. Tukarudi kupikwa.

Baada ya mipira kukatwa, siku moja ya jua kali, utingo wake alizimia kwa joto na moshi. Mzee alisimamisha lori, akambeba begani mpaka kivulini, akavua shati lake akampepea nalo mpaka akafumbua macho. Waliporudi, ofisi iliuliza kwa nini mzigo umechelewa. Haikuuliza kitu kingine. Utingo huyo ni mimi, na leo naendesha moja ya malori mawili ya aina hiyo yaliyobaki barabarani, bamba likiwa palepale.

Kifua cha Mzee hakiko sawa tena. Anapanda ngazi kwa mafungu, na nawasihi waandaaji, kwa kuwa ukumbi wameuchagua ghorofani, wamtangulize mapema. Inaniuma kuandika hivyo kumhusu mtu aliyekuwa akipandisha tairi la akiba juu ya lori peke yake.

Kamati ya sherehe ilipomuuliza angependa zawadi gani, alisema hataki kitu cha kubeba. Alitaka mabamba ya malori yale mawili yaondolewe ili vijana wapate hewa. Wakasema ni ombi la kugusa moyo. Wiki iliyopita fundi akatumwa kung'oa bamba la lori la Mzee, lile la langoni, akaling'arisha. Nimeombwa nisitaje zawadi kabla ya sherehe, lakini ndiyo hiyo.

Mzee alikuwapo bamba lilipotoka. Alijivuta mpaka kwenye kiti chake cha zamani, akasukuma kishikio, na kifuniko kikafunguka kwa kulalamika. Akakaa akingoja upepo. Lori halina injini, ilishatolewa kwa ajili ya vipuri, na haliendi popote. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Sisi tuliosimama chini hatukucheka.

Mzee wetu, asante kwa bega lako na kwa shati lako. Tunakutakia kifua chepesi, usingizi usiokatizwa na kikohozi, na nyumba ambayo upepo unaingia bila kuomba ruhusa.

Kuhusu zawadi, shemeji yetu, mkewe Mzee, ameshaipatia kazi: itaziba upande mmoja wa banda la kuku. Mzee amekubali, ila ameagiza bamba ligongomelewe chini, juu ibaki nafasi ya hewa. Kuku wameombewa hewa mara moja tu, na wamekubaliwa.