Pazia la Chumba cha Mwisho

Benchi lenyewe lilikuwa fremu ya kitanda kilichokufa. Geti ndiye aliyeikata na kuichomelea miguu mipya, Wembe akatandika ubao juu yake na kuliweka mbele ya kibanda chake cha kunyolea, ati wateja wapate pa kusubiri. Wateja wakawa wanasimama, wakakaa wasio na nywele za kunyoa. Kila alasiri, jua likianza kulegea, utawakuta pale pale: Wembe kinyozi, anayenyoa kwa mkono mmoja na kubishana kwa mwingine, Mstaafu, aliyekuwa karani wa ofisi fulani na akatoka huko na gunia la methali, zote akizitumia pasipo pake, na Mama Birika mwenye kahawa, asiyekaa kwenye benchi hata siku moja, anakaa kwenye kigoda chake pembeni ya jiko la mkaa ili asije akahesabiwa kuwa mmoja wao. Geti, fundi wa mageti na madirisha ya vyuma, kwa kawaida ndiye wa mwisho kufika. Siku hiyo aliwahi, na wenzake wakamtazama.

— Umefukuzwa kazini? Wembe akamuuliza.

— Nitafukuzwaje, na karakana ni yangu?

— Basi umefukuzwa nyumbani.

Geti akapokea kikombe kwa Mama Birika, akakizungusha mkononi bila kunywa.

— Bado, akasema.

Hiyo "bado" ilimfanya Mstaafu asogee, na Wembe akamwacha mteja wake na kichwa kilichonyolewa nusu.

— Mke wangu anabadilisha nyumba, Geti akasema. Alianza na sebule. Nimerudi nikakuta yale mapazia mazito ya kahawia hayapo, kuna mapazia ya buluu, mepesi, yanapepea. Nikanyamaza. Kesho yake makochi yamevishwa vitambaa vya kijani. Nikanyamaza. Kikafuata chumba chetu, mashuka ya buluu, blanketi la kijani. Kikafuata jiko. Jana nimefungua mlango nikakanyaga kitu laini. Zulia la kijani, koridoni, limetandikwa mpaka mwisho.

— Na hujamuuliza?

— Nimemuuliza, Mama Birika. Kasema macho yake yamechoka na giza.

— Basi si amekujibu?

— Hilo ni jibu la mtu anayeficha jibu, Wembe akadakia.

Kuna jambo Geti hakulisema, ingawa wote pale benchi walilijua. Mwisho wa ile korido upo mlango wenye kufuli. Kufuli hilo alilitia mwenyewe, jioni waliporudi kutoka kumzika binti yao, Kidoti, aliyeondoka kwa homa kabla hajamaliza kuota meno ya ukubwani. Humo ndani kitanda kipo kama alivyokiacha, sare ya shule inaning'inia kwenye msumari, na pazia limefungwa. Ufunguo Geti anauvaa shingoni kwa uzi, chini ya shati, hata akioga hauvui. Mkewe hajawahi kuuomba. Na mtaani, watu waliozoea kumwita Baba Kidoti wakaanza kumwita Geti, wote kwa mara moja kama waliofanya kikao, naye akawashukuru kimoyomoyo.

Sasa rangi zilikuwa zinakuja, chumba kwa chumba, na kilibaki kimoja. Geti alikuwa anaogopa, tena anaogopa kweli kweli. Aliogopa kwamba mkewe atanyoosha mkono na kusema nipe ufunguo. Mlango ukifunguliwa, hewa ya mle ndani itatoka, na ile ndiyo hewa ya mwisho aliyoivuta mtoto wake; ikishatoka atabaki na nini? Kwa hiyo hakuja kijiweni kutafuta ukweli. Alikuja kutafuta sababu nyingine, yoyote ile, hata ya uongo, alimradi isiwe ile.

Na kwa sababu za uongo, ndugu yangu, alikuwa amefika penyewe.

— Nisikilize mimi, Wembe akaanza. Kwenye kile kiti changu nasikia mengi. Kuna mteja wangu mmoja, mkewe alianza hivyo hivyo. Pazia jipya, foronya mpya, zulia jipya. Mwishowe kikabaki kitu kimoja tu cha zamani ndani ya nyumba.

— Kitu gani?

— Yeye.

— Akafanywa nini?

— Akaambiwa hafanani na makochi.

Mteja aliyenyolewa nusu akacheka kule ndani. Geti naye akajaribu kucheka, lakini macho yake yakamshukia shatini: kahawia iliyopauka, matundu ya cheche kila mahali. Kweli hafanani na chochote mle ndani. Jana usiku alipokaa kwenye kochi alijiona kama mzigo ulioshushwa nyumba isiyo yake.

— Usimtishe mwenzio bure, Mstaafu akasema. Mimi nitamwambia ukweli, wala usishtuke, fundi. Mkeo anaumwa.

— Anaumwa nini?

— Sasa hilo daktari ndiye anayejua. Lakini wewe fikiri. Hospitali, mashuka ya kijani. Wauguzi, buluu. Wale wa chumba cha upasuaji, kijani mpaka kofia. Umewahi kumwona mpasuaji amevaa nyekundu?

— Mke wangu na upasuaji wapi na wapi?

— Anajizoeza. Mtu akijua atalazwa huanza kuizoea rangi nyumbani, akifika kule asiduwae. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe na hospitali vinahusiana nini? Mama Birika akamuuliza.

— Ungeelewa, na wewe ungekuwa mhenga.

Mama Birika akasonya na kuchochea mkaa. Geti hakusonya. Mkewe alikuwa amekonda kweli. Tangu msiba anadonoa chakula, kanga inamzunguka mara mbili, na yeye Geti alijiambia ni majonzi, yatapita. Je, kama si majonzi? Alikuja hapa akiogopa mlango mmoja, sasa ameongezewa kaburi la pili. Akatamani Mstaafu afute kauli, lakini Mstaafu hajawahi kufuta kauli tangu aache kazi.

— Haumwi, Wembe akasema. Ngoja. Umesema buluu iko juu, kijani kiko chini?

— Mapazia buluu, zulia kijani. Ndiyo.

— Na taa?

— Ameivisha kitambaa cha buluu. Ukiwasha, ukuta wote unakuwa buluu.

— Unatulia au unachezacheza?

— Feni ikiwaka unachezacheza.

— Basi kwisha habari. Hiyo ni bahari.

— Bahari gani tena? Mama Birika akauliza.

— Anageuza nyumba kuwa bahari. Buluu ni maji, kijani ni majani ya chini kule. Na mtu hatengenezi bahari ndani kwa ajili ya kuitazama. Anamtengenezea mkaaji. Kuna kitu kimeshaahidiwa kuhamia.

— Dagaa? Mama Birika akasema.

— Cheka. Dagaa hatandikiwi zulia. Fundi, hujasikia kitu kinapiga maji humo ndani watu wakishalala?

Geti akafikiri. Alisikia, kweli. Kuna sauti ya tone tone, akadhani ni bomba la jikoni.

— Mimi nilipata kusikia habari ya mtu, Mstaafu akasema kwa sauti ya chini, aliamka amelowa mwili mzima, na dari haivuji.

— Huyo alikojoa, Mama Birika akasema.

Hakuna aliyecheka. Ndivyo hofu ilivyo. Mtu mmoja akishaileta benchini, kila mmoja anakata kipande chake. Hata Wembe mwenyewe alianza kuamini aliyoyatunga, akawa anazungumza huku anautazama mlango wa kibanda chake.

— Ndiyo maana lile zulia likawekwa koridoni, akaendelea. Ndiyo njia yake. Kitaingilia mlango wa mbele, kipite koridoni taratibu, kielekee kule mwisho kwenye kile...

Akakatiza. Alikumbuka kule mwisho kuna nini.

Mstaafu, kwa kutaka kuokoa jahazi, akaokota methali ya kwanza iliyomjia.

— Ndiyo hayo. Wahenga walishasema, mchelea mwana kulia...

Mama Birika akampiga teke la mguuni, lakini neno lilishatoka. Mwana. Likakaa pale katikati yao. Mstaafu akakohoa, akasema kahawa ya leo ina tangawizi nyingi. Haikuwa na tangawizi hata chembe. Geti aliingiza kidole kwenye ukosi akaugusa uzi, kuhakikisha ufunguo upo.

Hapo ndipo alipotokea binti mmoja, mgeni machoni pao, kanda ya kupimia imening'inia shingoni na mfuko mkubwa begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia, wote wakishukuru kupata neno la kusema.

— Samahani, nimeelekezwa kwamba hapa nitampata Baba Kidoti.

Wembe akaangalia viatu vyake. Mstaafu akaangalia angani. Jina hilo halikuwa limetamkwa pale tangu matanga yaishe, na huyu mtoto wa watu kalitamka kama anayeuliza njia ya kwenda sokoni.

— Nani kakutuma? Geti akauliza.

— Mama Kidoti. Ndivyo alivyojitambulisha kwangu. Mimi ndiye ninayemshonea mapazia, nina cherehani yangu kule ng'ambo ya barabara, sina muda mrefu nimehamia. Nimebakiza chumba kimoja. Kasema dirisha lake ulilitengeneza wewe, kwa hiyo vipimo unavyo kichwani.

Limefika, Geti akajiambia. Lakini mdomo wa fundi hausubiri moyo. Mtaa mzima mwulize dirisha lolote, atakutajia.

— Upana futi nne, kimo futi tatu na nusu, akasema. Fimbo ya pazia izidi kiganja kimoja kila upande.

— Ahsante, baba. Na jua?

— Jua gani?

Binti akafungua mfuko, akalaza vitambaa viwili kwenye ubao wa benchi, kimoja buluu, kimoja kijani. Vilikuwa vizuri, Geti hakutaka kukiri, lakini vilikuwa vizuri.

— Jua linaingia dirisha lile asubuhi au jioni? Hii buluu ikipigwa na jua la jioni inapauka upesi, pazia linakuwa tambara. Kijani kinavumilia. Jua la asubuhi halina neno, naweka buluu. Mimi sikati kitambaa kabla sijajua jua linatokea wapi. Nikikosea, mama wa watu atalia.

Geti akakigeuza kitambaa cha buluu, akakirudisha.

— Hilo dogo, Wembe akasema. Mlango wa mbele unatazama barabara. Barabara inashuka sokoni. Sasa ukiingia ndani, ukakata kushoto...

— Kushoto kwa anayeingia au anayetoka? Mstaafu akauliza.

Wakapanga vikombe kwenye ubao: hiki sebule, hiki jiko, hiki korido. Wakavigeuza, wakabishana jua ni kikombe kipi. Kwa dakika moja benchi likawa benchi tena. Lakini bila mwenye nyumba hawakufika popote. Chuma cha dirisha lile Geti alikijua mpaka kila kiungo, mwanga wake hakuwahi kuuona. Miaka yote alitoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Akichungulia mle, mtoto ameshalala. Na sasa pazia limefungwa.

— Mkewe atakuwa anajua, Mama Birika akasema polepole.

— Nilimuuliza, binti akajibu. Hajui. Kasema na yeye siku zile alikuwa anashinda kazini, anayelijua jua la kile chumba ni mwenye chumba. Halafu akaingia jikoni, sikupata kumuuliza zaidi.

Akawatazama mmoja mmoja, kanda yake mkononi, akingoja.

— Kwani mwenye chumba yuko wapi, nikamuulize?

Wembe akaanza kukusanya vile vikombe kwenye ubao. Mstaafu alitafuta methali, akakosa hata moja. Mteja wa nusu kichwa alikuwa amesimama mlangoni na shuka lake la kunyolea. Mama Birika aliinama akaushika mpini wa birika kana kwamba lilikuwa linataka kumwagika.

Geti akainua macho. Jua lilikuwa limeshuka juu kidogo ya paa la ghala, jekundu, lisilochoma. Muda si mrefu lingezama. Akapitisha mkono ndani ya shati, akauvuta uzi kupitia kichwani, ufunguo ukatoka ukiwa na joto la kifua chake.

— Hayupo, akamwambia yule binti. Lakini jua bado lipo. Tukiwahi tutaona.

Akasimama. Binti akakunja vitambaa vyake harakaharaka. Uso wake ulikuwa umeanza kuelewa.

— Nenda, Baba Kidoti, Mama Birika akasema. Kahawa yako nitaifunika.