Joakim Luhaga, Aliyekataa Kutaja Sura Asiyoiona (1949–2004)

Ndugu wa Nkololo, wakwe zetu mliotoka Nassa, wageni wa Bariadi mjini, na ninyi mliosimama kule barabarani kwa kuogopa kukaribia: mwadila, nawasalimu. Mimi ni Nyamizi, dada mkubwa wa marehemu. Niliishia darasa la nne, lakini hajatokea mtu wa kuniambia nimesahau jambo. Nimepewa kazi ya kueleza maisha ya mdogo wangu, nami nitayaeleza kama alivyopenda yeye mambo yaelezwe: kilichoonekana kisemwe, kisichoonekana kiachwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 20 Machi 1949 hapa hapa Nkololo, wakati bado tunahesabiwa Maswa. Alikuwa mtoto wa tano wa Mzee Luhaga Maige na Mama Nyanjige, na wa kiume peke yake. Mama alijifungua pamba ikiwa bado inadai palizi, akarudi shambani mapema, mtoto akawa wangu. Mgongo huu mnaouona umepinda ndio uliombeba. Alikuwa mzito, na hakuwa mtoto wa kulialia. Ukimwuliza kama ameshiba, akiwa hajashiba alisema hajashiba, hata mbele ya wageni, na Mama alikuwa akiona haya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akabatizwa na kupewa jina la Joakim akiwa darasa la tatu, akamaliza darasa la nane mwaka 1965. Hesabu aliziweza. Kuimba hakuweza, na mwalimu wa kwaya alimwomba kwa heshima asimame tu na kufungua mdomo bila kutoa sauti. Alikataa. Alisema watu wataona mdomo unafunguka wadhani anaimba. Basi akatolewa kwaya, akawa mpiga kengele.

Mwaka 1970 aliingia chama cha ushirika kama tanboi wa lori la pamba, na baada ya miaka michache akapata leseni, akashika usukani mwenyewe. Njia zote za Bariadi, Maswa na Magu alizijua kwa mashimo yake. Ushirika ulipodhoofika na soko kuachiwa huria, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, kila mmoja akijisifu kuliko mwenzake. Marehemu akaajiriwa na mmoja wao, akawa anapeleka marobota mpaka bandarini Dar es Salaam. Hakuwahi kupindua gari.

Ndoa yake alifunga na Felisita, binti wa Nassa, tarehe 12 Julai 1975. Hapa lazima niseme kidogo, wakwe zetu mnisamehe. Siku ya kukagua ng'ombe wa mahari, mshenga wetu alimsifia sana ng'ombe mmoja mwekundu kwamba ana mimba, hivyo wahesabu wawili. Bwana harusi kwa desturi hufunga mdomo siku hiyo. Wetu akasema kutoka nyuma, "Hana mimba huyo. Ameshiba tu." Mshenga alitaka ardhi ipasuke. Lakini baba mkwe alicheka mpaka akaweka kibuyu chini, akasema, "Mpeni mke huyu. Huyu akikosa atakuja kusema mwenyewe." Mungu akawajalia watoto watatu.

Sasa nafika pale ambapo wengi wenu mnasubiri nifike.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, marehemu alikuwa Dar es Salaam. Alikuwa ameshusha mzigo jana yake, akaenda kumsalimia mtu wa nyumbani aliyekuwa mtunza bustani katika nyumba jirani na Ubalozi wa Marekani. Alikuwa amesimama getini na kikombe cha chai. Lori likapita. Yeye ni dereva, macho yakaenda kwenye magurudumu kama macho ya mfugaji yanavyokwenda kwenye kwato, akaona gari limelalia springi, akasema moyoni kwamba mwenye gari hili analionea kwa mzigo. Baada ya hapo palilipuka, naye hakujua kitu mpaka hospitali ya Muhimbili. Watu kumi na mmoja walikufa pale siku hiyo. Yeye kioo kilichukua jicho lake la kushoto.

Alirudi Nkololo, leseni akaiweka juu ya kabati, akashika jembe. Siku hizo hakuna aliyemsumbua sana. Alipewa pole, akaletewa michembe ya viazi na maziwa, watoto wakamwita Chongo wa Ubalozi naye akaitika. Mambo yaligeuka Septemba ya mwaka 2001, redio ilipoleta habari za Marekani, na kila mwenye betri akawa na kesi ya kuhukumu. Gaidi lilikuwa neno geni kwetu, lakini wiki hazikupita nyingi likawa tusi la mnadani. Waliosema Waislamu ndio waliofanya walimwita marehemu aseme aliwaona. Waliosema Wamarekani wamejilipua wenyewe ili wapate sababu ya kupigana nao walimwita. Yupo wakala mmoja wa pamba, Januarius, alimshika mkono kwenye mnada mbele za watu.

"Mzee Joakim, sema ukweli. Gari halikuwepo. Walitega bomu wenyewe ndani."

"Gari lilikuwepo. Lilikuwa limelalia springi."

"Basi ulilipwa useme hivyo."

"Kwa bei gani, baba? Nitazame vizuri."

Pande zote mbili zilikuwa na maneno tayari, zilikosa jicho tu. Kila upande ulilitaka lile la marehemu.

Hapa kijijini kulikuwa na mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, Mwislamu, mwenye duka la nguo na vipuri vya baiskeli. Mwezi Oktoba alifikiwa na mpwa wake, kijana wa ndevu, aliyekuja na lori la mitumba. Maneno yakaanza. Mara kijana hasalimii, mara analala na taa inawaka, mara mizigo yake haifunguliwi mchana. Dagashida ikaitwa, baraza la kijiji kizima, kuamua Maganga atengwe au asitengwe. Na kutengwa kwetu vijana wa mjini msikuchukulie mchezo. Hupewi moto, huitikiwi yowe, na ukifa hakuna wa kukuchimbia kaburi. Kiberiti utanunua. Mtu wa kuitikia yowe hauzwi dukani.

Mkuu wa sungusungu alikuwa Selestini. Yeye na marehemu walichunga pamoja, walibatizwa siku moja. Na Selestini alikuwa na lake, sitaki mlisahau. Mtoto wake Dastan alikwenda Nairobi kutafuta kazi, na Nairobi nako kulilipuka asubuhi ile ile. Tangu siku hiyo hakuna barua, hakuna mtu aliyemwona. Huenda yu hai. Baba yake alishakata tamaa.

Selestini alisema, "Joakim, wewe ndiye jicho letu. Ulikuwepo. Simama useme."

Marehemu akasimama. "Jicho lenu lilibaki Dar es Salaam. Hili lililobaki ni langu."

Watu wakacheka. Ingeishia pale ingekuwa heri.

"Dereva wa gari lile alikuwa na ndevu, hakuwa nazo?" Selestini akauliza.

"Sikumwona."

"Mtazame kijana wa Maganga. Hafanani naye?"

"Atafananaje na mtu nisiyemwona?"

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Sema tu, mzee! Nani atakubishia?"

"Mimi," marehemu akasema.

Hapo Selestini akashuka pale alipokuwa amesimama, akamsogelea, na sauti yake haikuwa tena ya mkuu. "Nkoi," akamwambia, yaani rafiki yangu, "mwanangu hana kaburi. Nipe basi sura. Nijue namlaani nani."

Mimi nilikuwa upande wa wanawake, na nakiri mbele ya Mungu, nilimwombea moyoni aseme chochote. Marehemu akasema, "Ningekuwa nayo ningekupa, nkoi. Ningekupa kabla hujaniomba. Sina."

Bila shahidi, Maganga hakutengwa. Lakini watu walikuwa wamekuja na hasira, na hasira ukiiita mkutanoni hairudi nyumbani na njaa. Wakasema Joakim ameidharau dagashida. Akatozwa ng'ombe dume. Alikuwa naye zizini, tena mnene, akakataa kumtoa. "Faini ni ya aliyekosa," alisema. "Nikiitoa nitakuwa nimesema nilidanganya." Basi akatengwa yeye, na aliyetamka ni Selestini.

Msidhani alikuwa mtetezi wa Maganga. Maganga mwenyewe alidhani hivyo. Alikuja kesho yake na sukari na kanga ya Felisita, amevaa kofia yake nzuri, akaanza kushukuru.

"Rudisha sukari yako, mzee mwenzangu," marehemu alimwambia. "Sikukutetea. Nilisema sikumwona dereva. Sikusema si ndugu yako."

"Hata wewe, Joakim?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye unayejua. Kama si ndugu yako, basi si ndugu yako."

Maganga aliondoka amekasirika, na sukari yake. Miezi ikapita. Siku moja akarudi bila kitu mikononi, akaketi, akasema, "Nimewaza sana. Wanaoniambia sina kosa ni wengi, nikigeuka wanasema jingine. Wewe ukinipa chai nitajua ni chai." Tangu hapo alikuja kila alipofunga duka. Kijiji kizima wao wawili tu ndio waliokuwa wakibishana habari za redio bila kupigana. Kwa kuwa Maganga alijua mengi na marehemu alikuwa na moja tu, hawakumaliza.

Miaka mitatu Felisita alipalilia bila jirani wa kushika jembe upande wa pili. Mimi hakuna aliyethubutu kunizuia kuja. Nilipita katikati ya kijiji mchana, kikapu kichwani, nikiwasalimia kwa majina wasioniitikia. Marehemu hakumsema vibaya Selestini hata siku moja. Ukimchokoza alisema, "Yule si mwongo. Ana kiu."

Mwaka 2003 miguu ilianza kuvimba. Alitibiwa hospitali ya wilaya Bariadi, kisha Mwanza, wakasema ni figo. Alirudishwa nyumbani mwezi Agosti mwaka huu. Siku zake za mwisho Felisita alimwambia, kwa kumchangamsha, "Leo una rangi nzuri." Akamjibu, "Sina. Nimevimba tu." Wakacheka wote wawili, wakamkumbuka yule ng'ombe mwekundu. Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 14 Septemba 2004, saa tisa alasiri, akiwa amepata sakramenti.

Kuhusu maneno ya kuandika kwenye karatasi hii palikuwa na ubishi nyumbani, na sioni sababu ya kuuficha. Mwanawe Luhaga alitaka iandikwe kwamba baba yake aliuawa na magaidi, ila amechelewa kufa. Mjomba mmoja alitaka iandikwe kwamba aliuawa na Nkololo. Wote wawili nawaelewa, na wote wawili nimewakatalia. Kuna kioo kilichomtoa jicho, na kuna kijiji kilichomwacha peke yake. Hayo nimeyaandika kwa sababu yalionekana. Alichokufa nacho ni figo. Zaidi ya hapo sikuoneshwa.

Marehemu ameacha mjane, Felisita, watoto watatu, Luhaga aliye Mwanza, Generoza na Gloria, wajukuu saba, na dada mmoja, ambaye ni mimi. Ameacha pia ng'ombe dume mmoja, mzee sasa, ambaye hakutolewa faini.

Yaliyopigwa chapa kwenye karatasi zenu yanaishia hapo. Haya machache nimeyaongeza kwa kalamu leo asubuhi.

Kaburi hili lilichimbwa na shemeji zake wa Nassa pamoja na mzee Maganga na mpwa wake yule wa ndevu. Jua lilipotoka walikuwa wameshamaliza, wamekaa juu ya udongo wanafuta majembe. Hapo akatokea Selestini kwenye ua wa minyaa. Hakuwa na upinde wala filimbi ya sungusungu. Alikuwa na jembe begani.

"Mwangaluka," akasema.

Shemeji wakatazama chini. Aliyeitikia ni Maganga, kwa Kisukuma chake cha Tabora, "Mwangaluka, mkuu."

Selestini hakusogea. "Shimo limefika?" akauliza.

Shemeji wakaendelea kufuta majembe. Nilimwona Selestini amegeuza uso kule alikotoka, jembe likiwa bado begani. Ndipo Felisita, ambaye miaka mitatu hakupata hata salamu ya mtu huyu, akatoka mlangoni, shuka la mfiwa mabegani.

"Bado," akasema. "Upande wa kichwa ni mfupi. Joakim alikuwa mrefu."

Maganga akashuka kutoka kwenye udongo, akampisha. Selestini akaingia shimoni, akachimba peke yake upande wa kichwa, na sote tulimsikia akilia kule chini, na hakuna aliyemwambia basi. Sijui alikuwa akimchimbia nani.

Lile kaburi lilikuwa limetosha tangu alfajiri. Mdogo wangu angekuwa hai angemsahihisha mke wake pale pale, mbele za watu wote. Leo amenyamaza, kwa mara ya kwanza.

Haya, nenda, ndugu yangu. Ulichokiona umetuachia. Usichokiona, mwulize Mungu mwenyewe huko uendako, na ukishajibiwa ulale. Pumzika, Joakim, pumzika kwa utulivu.