Shangazi Rula na Ripoti ya Tatu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni binti wa kaka yake marehemu. Nimepewa kazi ya kueleza maisha yake, na baba ameshanionya nisirefushe. Nitajitahidi, ila kuna jambo moja sitaliruka.

Marehemu shangazi yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na mkewe. Baba yangu, kaka yake pekee, anasema alikuwa mtoto wa maswali. Ukimwambia sahani imevunjika, alitaka kujua imevunjikia wapi, ilikuwa na nini ndani, na nani aliishika mara ya mwisho. Baba alijifunza mapema kutovunja sahani akiwa naye.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana hadi 1974. Mwaka 1976 alihitimu chuo cha ukarani, akiwa mpiga chapa mwenye kasi kuliko wote darasani. Cheti chake alikitundika sebuleni na kipo hadi leo.

Baada ya kazi za muda za hapa na pale, tarehe 2 Aprili 1984 aliajiriwa katika ofisi ya usalama wa bidhaa. Mwaka 1988 alihamishiwa dawati la bidhaa za watoto, mwisho wa korido, mkabala na stoo ya mafagio. Alikaa pale miaka ishirini na tisa, mingi kati ya hiyo akiwa peke yake. Kazi yake ilikuwa kupokea na kuandika ajali: kitanda cha mtoto kilichong'oka ubavu, kigari kilichojikunja njiani, jicho la mwanasesere lililokwama kooni. Kila kifaa alikipiga picha na rula pembeni. Alikuwa akisema, "Picha bila rula ni ya ukumbusho tu." Ndiyo asili ya jina Shangazi Rula, ambalo wengi wenu mlilitumia akiwa hayupo. Alilijua.

Fomu ya ofisi ilianza kwa kuuliza mzazi alikuwa wapi. Swali hilo yeye alilisogeza mwisho, na mara nyingi hakulifikia. Kina mama walifika wameshajihukumu wenyewe, wengine wakigeukia mlangoni kabla ya kuketi. Siku moja nilipompelekea ufunguo nilimkuta na mama wa namna hiyo. Alimwambia, "Kaa, mama. Hapa tunakishtaki kitu, hatukushtaki wewe." Yule mama akakaa, akalia, kisha akaeleza kila kitu.

Tarehe 18 Desemba 1982 marehemu alifunga ndoa na fundi seremala, mtu mpole asiyeweza kupita kitu kilicholegea bila kukikaza. Hawakujaaliwa kupata mtoto. Ijumaa moja shangazi alileta nyumbani kitanda cha mtoto kilichosababisha ajali, ili akipige picha kwa nafasi. Jumamosi alitoka kwenda sokoni, na aliporudi akakuta mume amekigundisha, amekikaza skrubu na kukipaka vanishi.

"Nimekutengenezea," akasema mume kwa furaha.

"Umeniulia kesi!"

Hawakusemeshana siku tatu. Siku ya nne mume akauliza taratibu, "Basi nikivunje tena?" Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mume huyo alifariki tarehe 11 Machi 2003, na tangu hapo sikumsikia akicheka vile.

Upweke uliofuata tulimtengenezea sisi, nasema bila kuzunguka. Alikuwa akija kumwona mtoto mchanga, anaanza na kitanda. Anavuta, anatikisa, anapitisha kidole kwenye nafasi za mbao. Tukachoka. Habari za uzazi zikawa zinamfikia wiki kadhaa baadaye, tena kwa kusikia kwa watu. Jumapili alikaa kwake, redio ikiongea, na mtu wa kumpigia hodi hakuwepo.

Mimi sikuwa bora kuliko wengine. Mwanangu alizaliwa Oktoba 2020. Shangazi alipokuja, nilimpokea mlangoni nikamwambia, "Shangazi, leo naomba usipime kitu." Akasema, "Sawa, mwanangu." Alikaa kwenye kochi saa nzima, amempakata mtoto. Hatua mbili kutoka kwake kilikuwepo kiti cha kulishia mtoto, kile cha kijani cha kukunja, nimekirundikia nguo. Hakukigusa, kwa sababu nilimkataza.

Kiti hicho alikifahamu. Kabla ya kustaafu, Juni 2017, alikuwa ameandika ajali mbili za kiti cha aina hiyo. Kanuni ya ofisi ilidai ripoti tatu ndipo bidhaa iondolewe madukani na kuchunguzwa. Kwa hiyo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mstaafu yule alirudi kwenye ile korido kuuliza kama ya tatu imefika. Na sisi alituuliza: "Hamjasikia mtu mwenye kiti kile?" Tukajibu hatujasikia.

Tarehe 14 Juni 2021, saa nne asubuhi, kiti changu kilijikunja mtoto akiwa ndani. Kilimkata ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, kijiko mkononi. Shangazi alipoona bandeji aliuliza amefanyaje.

"Mlango, Shangazi."

"Mlango gani?"

"Wa chumbani."

Aliutazama ule mlango, akanitazama mimi. "Pole," akasema. "Ukikumbuka kingine, mimi nipo." Hakuuliza tena. Nadhani alijua, na akanisubiri. Nilimsubirisha miaka mitatu kwa aibu yangu, huku viti vya aina hiyo vikiendelea kuuzwa.

Februari mwaka huu marehemu alianza kuugua figo. Alilazwa mara mbili, mara ya mwisho tarehe 20 Agosti. Tarehe 2 Septemba, mchana, nilikwenda nikiwa nimeazimia kumweleza. Alikuwa amefumba macho. Muuguzi akaniambia, "Zungumza naye, anasikia." Nikavuta kiti, nikamshika mkono, nikamweleza habari za mvua. Mvua! Maneno niliyoyabeba nilirudi nayo nyumbani. Kesho yake, tarehe 3 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, alifariki dunia. Hakukuwa na ndugu kitandani pake.

Jana nilikitoa kiti stoo. Sikuwahi kukiosha wala kukitengeneza, kwa maana niliogopa hata kukigusa, na chakula cha siku ile bado kimekaukia pembeni. Nimekipeleka ofisini kwake, nikaandikisha ajali na kutia sahihi. Mwanangu nilikuwa naye, na kidole chake kimepigwa picha na rula pembeni.

Marehemu ameacha kaka mmoja, ambaye ni baba yangu; binti mmoja wa kaka, ambaye ni mimi; na mjukuu mmoja wa miaka mitatu mwenye vidole tisa na nusu, anayeringa navyo kwa kila mgeni. Na kwa kuwa nimetembelea nyumba zenu, najua kiti kile cha kijani kipo katika nyumba nne kati ya hizi zilizokusanyika hapa. Tukitoka makaburini nitakuja kuvichukua. Msinifiche, na msinielekeze kwenye mlango.

Ripoti ya tatu imefika, Shangazi. Pumzika kwa amani.