Mzee Kola, Kuanzia Kola Hadi Kamba za Viatu

Jumamosi tarehe 28 Juni, saa kumi na mbili kasorobo jioni, Mzee Kola alipuliza filimbi yake ya mwisho, akaifuta kwa leso, akaitia mfukoni na kukifunga kifungo cha mfuko. Hivyo ndivyo ilivyomalizika miaka thelathini na moja ya utumishi wake katika chama chetu cha waamuzi wa soka la ridhaa. Kustaafu kwake kulianza rasmi tarehe mosi Julai. Wasifu huu umeandikwa na katibu wa chama, ambaye mwenyewe aliwahi kurudishwa nyumbani na mstaafu kwa kosa litakaloelezwa hapa chini.

Kwa wasiomjua nje ya uwanja, Mzee Kola ni fundi bomba. Jumatatu hadi Ijumaa utamkuta mtaroni, matope hadi magotini, buti za mpira miguuni, na ovaroli ambayo rangi yake ya mwanzo hakuna anayeikumbuka. Ikifika Jumamosi mchana anatokea mtu mwingine kabisa. Anakuja kwa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeinua hanga yenye sare nyeusi iliyofunikwa nailoni, ili isipate hata mkunjo mmoja. Wageni mtaani humpisha wakidhani anawahisha suti ya bwana harusi.

Alijiunga na chama zama ambazo mwamuzi alivaa chochote alichoamka nacho. Mmoja alichezesha nusu msimu akiwa na fulana ya kutangaza rangi za nyumba. Mwingine alivaa njano siku ambayo timu moja nayo ilivaa njano, akapigiwa pasi mbili nzuri, na ya pili, kwa mujibu wa waliokuwepo, aliirudisha. Mzee Kola alikuwa na wiki tatu tu chamani alipoomba nafasi ya kuzungumza kikaoni, akasema hatuwezi kudai heshima tukiwa tumevaa kama watu waliokatizwa kufua. Watu walicheka sana. Kabla msimu haujaisha, sare kumi na mbili nyeusi zilikuwa zimeshonwa, na yeye ndiye aliyempelekea fundi cherehani vipimo vya kila mtu, vikiwemo vya matumbo ambayo wenye nayo walikuwa wameyapunguza kwa maneno.

Chumba chetu cha waamuzi ni stoo iliyo nyuma ya jukwaa, ambamo tunakaa pamoja na nyavu na magunia ya chokaa. Ni yeye aliyekiingizia maji, akafunga sinki, na juu ya sinki akatundika kioo. Mbele ya kioo hicho ndipo alipotukagua kabla ya kila mechi: kola, beji, shati ndani ya bukta, filimbi, saa, soksi hadi chini ya goti, kamba za viatu. Jina la Kola lilitokana na pale alipoanzia. Sheria zake zilikuwa mbili. Waamuzi watatu lazima wafanane, na mwenye kasoro hachezeshi siku hiyo. Kasoro ikishaonekana haiponi kwa kuazima wala kwa kushikiza na pini; imeshaonekana.

Katibu wenu anayajua haya kwa machungu. Siku ya mechi yangu ya kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita, nilifika na kamba nyeupe kwenye viatu vyeusi. Ukaguzi ulikwenda vizuri hadi chini kabisa, kisha akanyanyua kichwa na kusema, "Mwanangu, nenda nyumbani." Nililia njia nzima, na mama yangu akaapa kuwa mzee huyo hatakanyaga kwetu. Kesho yake asubuhi alikanyaga. Alileta jozi mbili za kamba nyeusi na kumwomba mama radhi, si kwa kunirudisha bali kwa kuchelewa kuja kueleza. Halafu akasikia bomba la jikoni likidondosha maji, akaenda kuchukua spana zake kwenye baiskeli. Alinieleza akiwa kachuchumaa chini ya sinki, uso hauonekani: "Uwanjani kuna watu ishirini na wawili wanaotafuta sababu ya kukudharau. Wewe ni mwanamke, watatafuta mara mbili. Usiwape ya bure." Tangu siku hiyo mama akawa anamwita fundi wetu.

Kuna ile mechi ya mvua, ambapo mapumzikoni alibadilisha sare iliyojaa matope akavaa ya akiba. Timu iliyokuwa imefungwa iliandika malalamiko kwamba kipindi cha pili kimechezeshwa na refa mwingine bila taarifa. Kuna pia barua ya kocha mmoja aliyepoteza mechi, aya tano za lawama juu ya kuotea, penalti na muda wa nyongeza, na aya ya sita iliyokiri kuwa pamoja na hayo yote mwamuzi alikuwa nadhifu. Mzee Kola aliomba nakala ya barua hiyo, akasema aya ya sita inamtosha.

Asije mtu akasema alikuwa mkali kwa wengine tu. Miaka minane iliyopita, kabla ya nusu fainali, kifungo cha mfuko wake kilidondoka ndani ya sinki. Mkewe, ambaye sote tunamwita Shangazi, alikuwa mlangoni na sindano keshaitunga uzi. Mzee Kola alimshukuru, akavua sare, akaivisha hanga, akampa msaidizi wake filimbi, kisha akaenda kukaa jukwaani na kula karanga kwa dakika zote tisini. Shangazi hakumsemesha hadi Jumanne.

Ndiyo maana Jumamosi ile ya fainali, mechi yake ya kuagia, ilitutoa jasho kabla hatujakimbia hata hatua moja. Shangazi, ambaye ndiye hupanga soksi kabatini, alikuwa wiki ya pili kwa binti yao aliyejifungua. Na macho ya Mzee Kola, ambayo yeye husema hayana tatizo, yana tatizo. Miwani ameikataa kwa miaka mitano, kwa hoja kwamba refa mwenye miwani anawarahisishia mashabiki kazi. Basi alivaa mbele ya kioo chake, akageuka kututazama. Mguu wa kushoto ulikuwa na soksi nyeusi. Wa kulia ulikuwa na soksi ya bluu iliyokoza, ile anayovaa ndani ya buti za mpira. Mguu mmoja ulikuwa wa refa na mwingine wa fundi bomba. Nilimwangalia mwenzangu wa kibendera, mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani. Naye alikuwa ameshaona, maana alikuwa anachunguza dari.

Zilibaki dakika ishirini na tano. Tulijua tukimwambia atavua, na mtu aliyechezesha mechi mia tisa na ushee atamalizia jukwaani na karanga, siku ambayo amekuja kuagwa. Tuliomba ruhusa ya kwenda msalani, tukavuka barabara mbio hadi duka la sare za shule. Muuzaji hakuwa na soksi nyeusi. Alikuwa na nyeupe, na alikuwa na bluu iliyokoza, saizi ya darasa la sita. Hapo sote wawili tukapata wazo moja, nikaagiza jozi mbili. Mwalimu wa hesabu akanishika mkono. "Moja inatutosha," akasema. Ilinichukua muda kupiga hesabu hiyo.

Tulirudi stoo kila mmoja wetu akiwa na nyeusi kushoto na bluu kulia. Soksi ya darasa la sita ikivutwa hadi chini ya goti la mtu mzima, kisigino chake hukaa katikati ya unyayo na shavu la mguu huanza kufa ganzi. Mzee Kola alianza ukaguzi. Kola, beji, shati, filimbi, saa. Alipofika kwenye soksi alisimama. Kisha akainama, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alitazama miguu yangu, akatazama ya mwalimu, halafu akaitazama yake mwenyewe, na akabaki hivyo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko fainali. Aliponyooka alikohoa kidogo.

"Waamuzi wamefanana," akasema. "Twende."

Mechi iliisha mabao mawili kwa moja, bila kadi nyekundu na bila ugomvi, huku wasaidizi wawili wakichechemea mguu wa kulia. Jumatatu chama cha jirani kilipiga simu kuuliza mtindo mpya wa soksi umeagizwa na nani, na wao wanunue wapi. Tuliwajibu kuwa mtindo umekwisha.

Mimi na mwalimu wa hesabu tulikubaliana kuwa mzee hakuona, na kwamba tutamweleza kupitia wasifu huu, halafu tupokee adhabu. Tuliitumia sheria yake ya kwanza kuivunja ya pili: tuliona kasoro tukanyamaza, tena tukatengeneza nyingine mbili ili tufanane. Lakini wiki iliyopita nilikwenda kwake kuchukua picha ya kuweka kwenye jalada. Shangazi alikuwa amerudi, akanifungulia kabati nione sare ilivyofuliwa na kupigwa pasi. Ilikuwa kwenye hanga yake, ndani ya nailoni. Begani kwa sare kulikuwa na soksi mbili, nyeusi moja na bluu moja, zimekunjwa pamoja na kushikizwa kwa pini. Shangazi alisema ametaka kuzitenganisha mara tatu, na mara tatu ameambiwa aziache zilivyo. Alinitazama nimweleze, nikamwambia asubiri wasifu huu, macho yangu yakiwa yameshajaa.

Mzee Kola, sisi hatukusema na wewe hukusema, kwa hiyo tuhesabu mechi imekwisha sare. Kwa miaka thelathini na moja ya kutufundisha kujiheshimu kabla hatujadai kuheshimiwa, chama kinakushukuru, na katibu anakushukuru kuliko chama. Zawadi yetu ya leo ni miwani. Tafadhali ivae, mashabiki hawapo tena. Jumamosi ijayo tutasimama mbele ya kioo chako na kuanzia kolani, kama kawaida. Wewe baki nyumbani, umbebe mjukuu, na Mungu akupe afya na asubuhi nyingi za kuvaa soksi zozote utakazo.