Nani Aliwaonyesha Dume la Mzee Bujiku

Apa kwanza. Weka mkono kifuani useme haya hayavuki mlango, maana Mzee Bujiku akiyajua, harusi ya Limbu mwanaye imekufa. Haya. Unakijua kijiwe changu cha kahawa pale Bariadi, nyuma ya stendi. Jana Bujiku kakaa hapo kanuna toka asubuhi. Wakwe wa Lalago walikuja kwake kuchagua ng'ombe wa mahari ya Minza, mchumba wa Limbu. Yeye akawatanguliza waliokonda, lile dume lake jeupe kalipaka tope, kalificha kwenye kona ya zizi. Wakwe wakakasirika, wameshageuka waondoke, mambo yamevunjika. Mara mjomba wa Minza karudi moja kwa moja mpaka kwenye kona, kalishika dume pembe.

— Wamejuaje? — Bujiku anakiuliza kikombe.

— Drone hiyo, — akasema Paschal, tunamwita Satelaiti. — Siku hizi inapima nyama ikiwa huko huko juu.

— Drone ya Lalago? Wacha wewe, — akasema Marcelo, yule Hakimu. — Huyo mjomba ana dawa. Dume lenyewe ndilo limemwita.

— Limemwita saa ngapi? — akasema Bujiku. — Mimi nilikuwepo, limenyamaza.

— Wewe ungesikia? Limemwita rohoni.

Bujiku akasonya.

— Na Limbu alikuwa wapi? — akauliza Satelaiti.

— Kakaa juu ya uzio anasoma Kiingereza chake. Ananyoosha kidole, huyu big, yule bigger, yule wa kwenye kona biggest. Hajasema kitu cha maana.

— Basi ndiyo hiyo, mzee. Kiingereza kinavuta drone.

Hapo kulikuwa na mama mmoja anasubiri gari la Maswa. Akatusalimia, mwangaluka, nikammiminia kahawa. Kanywa mafunda mawili, akauliza taratibu:

— Samahani, baba. Huyo kijana Kiingereza anafundishwa na nani?

Bujiku akamtazama Hakimu. Hakimu akamtazama Satelaiti. Satelaiti akatazama juu. Mimi nikainamia beseni la vikombe, nikacheka mpaka povu likaniingia puani.

Mwanangu, mwalimu ni Minza. Kamfundisha Limbu maneno yote matatu, na mjomba wake kamfundisha lile la mwisho tu. Nani kaniambia? Minza mwenyewe, jikoni kwangu, tunachemsha michembe, vile viazi vikavu.