Mwalimu Fernande Cyr Daigle na Karatasi za Wasiokuwapo

Marehemu Fernande Cyr alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, Frenchville, jimbo la Maine, mtoto wa tano wa Onésime na Albertine Cyr, wakulima wa viazi. Theluji ilikuwa imefunika mlango, mkunga akaingilia ghalani.

Alisoma kwa masista hapo hapo kijijini, kisha chuo cha ualimu Fort Kent, akamaliza Juni 1966. Mimi mumewe, Adélard, niliishia darasa la tano. Nasema hivi ili mnivumilie nikisoma polepole.

Alifundisha kuchora miaka arobaini, tangu Septemba 1966 hadi Juni 2006, katika shule tatu za msingi za bonde hili. Chumba chake mwenyewe hakuwa nacho. Alisukuma toroli la rangi darasa kwa darasa. Kila mtoto alikuwa na karatasi yenye jina lake nyuma, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata yeye. Mwalimu mmoja alitaka kumsahihishia mtoto ng'ombe wa buluu. Fernande akamwambia, “Acha. Karatasi hiyo ina mwenyewe.” Mavuno yakichelewa, watoto wengine walibaki mashambani kuokota viazi shule ikishafunguliwa. Hao aliwawekea karatasi safi, jina tayari, mpaka warudi.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1971. Nilidhani nimeoa mtu mmoja. Mezani ikawa ni watoto wa watu tu, huyu kachora hivi, yule kachora vile, na chapati zetu za ploye zinapoa. Nilikuwa na wivu. Padri anajua.

Aprili moja nilimkuta ghalani anajaza viazi kwenye ndoo.

“Fernande, hivyo ni vya mbegu.”

“Nakata nusu tu. Watoto wachovye rangi, wapige mihuri.”

“Chukua vya kula.”

“Vya kula vimelegea, mzee wangu. Utakula wewe.”

Alichukua ndoo mbili. Mwaka ule mstari wangu wa mwisho haukupandwa. Nilikwenda shuleni kuona. Ukuta mzima ulikuwa maua yaliyopigwa kwa viazi vyangu, na chini ya kila ua jina la mtoto. Langu halikuwapo.

Ugonjwa wa kusahau ulimwanza mwaka 2017. Alisahau majina ya vyombo, akaja kwa watoto wetu, kisha kwangu. Wanafunzi hakuwasahau. Siku moja muuguzi, Jolène Sirois, alikuwa akimvalisha soksi. Fernande akamwambia, “Wewe ndiye wa nyumba isiyo na mlango.” Jolène akalia. Aliichora akiwa darasa la pili. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, kofia mapajani, miaka hamsini ya ndoa. Ndipo akanitazama.

“Na wewe, ulikuwa wapi?”

“Shambani.”

“Haya. Karatasi yako nimekuwekea.”

Alifariki tarehe 22 Januari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na tisa. Ardhi ilikuwa imeganda, hivyo amesubiri kwenye chumba cha mawe cha makaburini hadi leo, tarehe 11 Mei.

Miezi hiyo niliitafuta karatasi nyumba nzima. Darini, chini ya kitanda, ndani ya mapipa ya viazi. Nilikuta za watoto wa watu, maboksi thelathini na moja. Yangu sikuiona.

Mwezi Machi Jolène alikuja mlangoni.

“Mzee Daigle, wenzangu wamenituma. Tunaomba tulichore jeneza la mwalimu.”

“Mko wangapi?”

“Mia mbili na kitu.”

“Jeneza ni futi sita na nusu.”

“Tutabanana, mzee. Tumezoea.”

“Miaka arobaini mlikuwa naye. Hamjashiba?”

“Kwani wewe umeshiba?”

Nikafunga mlango. Siku ya tatu nilimpigia simu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Gérald na Micheline, wajukuu watano, na dada yake, Thérèse. Wanafunzi wanasema nao wamefiwa. Sikuweza kuwakatalia.

Baada ya sala, kalamu za rangi mtazikuta kwenye ndoo kando ya jeneza. Mfuniko ni wenu. Kichwani, miguuni na ubavu wa kulia ni kwenu pia. Ubavu wa kushoto, upande niliokuwa nikilala, una mwenyewe. Mtu asije kunishika mkono wala kunielekeza. Nikikosa la kuchora nitauacha mweupe, na hivyo hivyo usiguswe.

Pumzika kwa amani, Fernande. Nilikuwa shambani. Nimerudi.